Mtutu wa Namba Kumi na Saba

Ukitaka kumwona fundi wa silaha wa kituo cha askari wa msitu akipandisha mori, ingiza ufito wa kusafishia bunduki kwa mbele, kwenye mdomo. Hakuwa mtu wa hasira za karibu. Walimtania kipara chake, waliazima miwani yake na kuirudisha imepinda, naye alicheka tu. Lakini ufito kwa mbele? Angekunyang'anya hiyo bunduki na kukupa somo ambalo wenzako walishalisikia mpaka wakalikariri.

"Risasi inaingia huku, inatokea kule. Kitambaa nacho kifuate njia hiyohiyo. Ukisukuma kwa mbele unaukwangua mdomo, na mdomo ukichubuka hata kiasi cha unywele, risasi unayompelekea jangili itamfikia shangazi yako."

Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo katika chumba kimoja mwishoni mwa jengo la kituo. Mlango wa chuma wenye kufuli mbili, dirisha lenye nondo, na chini ya dirisha ubao mpana wa kupokelea bunduki. Ndani palikuwa na meza yenye jiliwa la kubania vyuma, na meno ya jiliwa aliyavisha ngozi ya kiatu kuukuu ili yasiume chuma. Bunduki thelathini na mbili zilisimama ukutani kwa namba zake. Funguo alizivaa kiunoni, na mkewe alizoea kusema kwamba ndoa yao ina watu watatu, mume, mke na hizo funguo. Askari walimwita Mtutu, jina likamganda hata wakubwa wakasahau la kwake.

Kusafisha mtutu si kazi ya nguvu, ni kazi ya subira, ndiyo maana wengi huilipua. Kwanza unahakikisha bunduki haina kitu tumboni. Unachomoa komeo, kile chuma kinachoifunga risasi kwa nyuma. Unapitisha kitambaa kilicholowa dawa, toka nyuma kwenda mbele, kisha unauacha mtutu unywe ile dawa robo saa nzima, bila kuuchokonoa. Ndipo inakuja brashi ya shaba, nayo lazima itokeze yote kule mbele kabla hujaivuta, maana ukiigeuza katikati unaikata nywele. Halafu vitambaa. Kimoja kinatoka cheusi, kingine kijivu, kingine kina ukijani, na huo ukijani ni shaba ya risasi iliyokwama kwenye mifereji ya ndani ya mtutu. Huachi mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Mwisho mafuta, kiasi cha kuupaka chuma, siyo kuukaanga. Akishamaliza, Mtutu aliuelekeza mtutu dirishani, akafumba jicho moja na kutazama ile mifereji ikijizungusha kuelekea kwenye mwanga. Wapo watu wanaotazama picha za wajukuu zao kwa uso ule.

Pale kituoni alikuwa ameanzisha desturi yake mwenyewe, na kila mkuu aliyehamia aliikuta na kuipenda. Iliitwa kitambaa cha kwanza. Askari akirudi doria, kabla bunduki haijapokelewa, yeye mwenyewe anasukuma kitambaa kikavu cheupe ndani ya mtutu, mbele ya dirisha, na kukilaza juu ya ubao. Wanakitazama wote wawili. Kikitoka cheupe, bunduki haikufyatuliwa. Kikitoka cheusi, mtu ajieleze, na risasi zihesabiwe. Kisha Mtutu anaandika kwenye daftari namba ya bunduki, idadi ya risasi, na neno moja, cheupe au cheusi. Daftari hilo halikuwa na neno lililokatwa hata moja. Alijivunia jambo hilo kuliko vyeti vyake.

Sheria hiyo ilimhusu kila mtu, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa shemeji yake, kitinda mimba wa kwao mkewe. Wazazi wao walipofariki, kijana alikuwa na miaka tisa, akaja kuishi na dada yake. Ni Mtutu aliyemnunulia sare za shule, Mtutu aliyemfundisha kunyoa ndevu, Mtutu aliyezunguka na barua yake ya kuomba kazi mpaka akaajiriwa pale pale kituoni. Alikua mtu wa maneno matamu, mcheshi, ambaye hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati. Kila jioni alitokea dirishani wa mwisho, mguu mmoja umeshatangulia nyumbani.

"Shemeji, pokea mtoto. Mwogeshe, mpake mafuta, mlaze."

Na Mtutu, huyu huyu aliyewasimamisha wengine juani kwa sababu ya doa la ukubwa wa kiroboto, alicheka, akampokea huyo mtoto, akaandika cheupe. Kitambaa hakikupita. Kwa miaka tisa. Wenzake walinung'unika, wakasema kitambaa cha shemeji kinapita hewani. Mtutu alisikia, akajifanya hakusikia. Alijiambia ni jambo dogo, tena la kifamilia. Bunduki ataisafisha mwenyewe tu, sasa shida iko wapi?

Alhamisi moja shemeji alifika saa kumi na moja na nusu. Siku hiyo hakutaja mtoto wala kuogesha. Alimwaga risasi juu ya ubao, Mtutu akazihesabu, zote kumi zipo. Akaandika namba kumi na saba, risasi kumi, cheupe. Alipoinua macho amtanie kidogo, shemeji alishafika kwenye kona ya jengo, anatembea haraka.

Mtutu akaibeba bunduki mpaka mezani, akachomoa komeo, na kabla hajashika ufito harufu ikampiga puani. Baruti. Akasukuma kitambaa kikavu. Kikatoka cheusi kama kitako cha sufuria ya kuni.

Alisimama na kile kitambaa mkononi kwa muda. Mtutu umefyatuliwa, na risasi zote kumi zipo. Maana yake ni moja tu, na haihitaji elimu kubwa. Mtu alikuwa na risasi ya ziada mfukoni, akaiweka mahali pa ile iliyotoka. Na daftari lilikuwa wazi pale dirishani, wino wa neno cheupe haujakauka vizuri, mwandiko ni wake.

Angeweza kulikata lile neno. Ni mstari mmoja tu wa kalamu. Angeweza kumfuata mkuu wa kituo, ambaye ofisi yake ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Badala yake alijiambia pengine ni nyani, pengine bunduki ilijifyatua bahati mbaya na kijana ameona aibu, kesho nitamuuliza kiutu uzima. Akaumwagia mtutu dawa, akaketi, akasubiri robo saa yake. Akapiga brashi. Akapitisha kitambaa baada ya kitambaa mpaka cha mwisho kikatoka kama kilivyoingia. Hata siku ya kufanya kosa kubwa kuliko yote maishani mwake, mtu huyu hakuweza kulifanya kwa kulipua.

Ijumaa asubuhi mkata kuni mmoja alikutwa kando ya barabara ya msituni, amejiburuta mpaka hapo, risasi imempitia pajani. Alikuwa hai. Alisema alisikia mtu akimfokea, akakimbia, ndipo akapigwa. Hakumwona aliyempiga. Saa hakuijua, ila jua lilikuwa limeshaingia kwenye miti.

Habari zilipofika kituoni, Mtutu alifunga kufuli zote mbili akatoka. Alimtafuta shemeji yake, akamkuta nyuma ya stoo, kwenye bomba la kuoshea viatu.

"Shemeji, jana ulifyatua."

Shemeji hakubisha. Alifunga bomba, akaangalia huku na huku. "Sikumkusudia. Nilimwona amebeba kitu, nikadhani silaha. Kumbe panga."

"Ukamwacha?"

"Alikimbia, shemeji! Ningejuaje kama imempata?" Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nitakwenda kwa mkuu mwenyewe. Nakuapia. Nipe siku mbili tatu nijipange, nimwandae na mke wangu. Nitasema kila kitu, wewe sitakutaja hata kidogo."

"Mimi daftari langu linasema uongo."

"Nitasema nilikuharakisha. Shemeji, mimi ni nani kwako? Niachie jambo hili nilibebe mwenyewe."

Mtutu akamwachia. Hapa hakuna wa kumtetea, wala yeye mwenyewe baadaye hakujitetea. Mtu yuko hospitali na tundu la risasi pajani, na fundi wa silaha anahesabu siku mbili tatu za shemeji yake. Jumamosi polisi wa mjini wakaja wakazichukua bunduki zote thelathini na mbili wakazipime. Wiki ikapita. Kila asubuhi Mtutu alimtazama shemeji usoni, na kila asubuhi shemeji alimwambia kesho. Ikapita wiki ya pili. Chumba cha silaha kilikuwa kitupu, ukuta umebaki na namba tu, na Mtutu alikaa humo akinyoosha nywele za brashi ambazo hazikuhitaji kunyooshwa.

Majibu yalirudi. Ganda la risasi lililookotwa msituni lilikuwa na alama ya pini ya kufyatulia, na alama hiyo ilikuwa ya namba kumi na saba. Wakaitwa wawili, yeye na shemeji, Jumatano saa nne, ofisini kwa mkuu.

Kwenye benchi la nje walikaa bega kwa bega. Shemeji alikuwa amenyoa vizuri. Alimpigapiga goti na kusema, "Leo tunalimaliza, shemeji." Mtutu akashusha pumzi. Hatimaye, alijiambia, kijana amepiga moyo konde. Akaona hata fahari kidogo, kama mzazi.

Ndani walimkuta mkuu wa kituo na mpelelezi, mwanamke wa makamo aliyeongea taratibu na kuandika taratibu zaidi. Daftari lilikuwa mezani limefunguliwa pale pale. Mpelelezi akaanza na shemeji. Siku ile ulikuwa na bunduki gani? Namba kumi na saba. Uliifyatua?

"Hapana, afande. Nilizunguka eneo langu, sikuona kitu, nikarudi. Nilirudisha bunduki safi na risasi zote kumi. Daftari hilo hapo."

Mtutu alidhani hakusikia vizuri. Alimgeukia.

"Baada ya hapo bunduki ilikuwa mikononi mwa mtunza silaha," shemeji akaendelea, akiitazama meza. "Funguo za chumba anazo yeye peke yake. Na risasi za akiba ziko humo humo ndani."

Mtunza silaha! Mtu aliyemwita shemeji toka akiwa na meno ya utotoni, leo amempa cheo. Neno hilo lilimchoma Mtutu kuliko uongo wenyewe. Aliingojea ile sauti iongeze kitu, iseme lakini, iseme ila. Haikuongeza. Kijana alikuwa amemtosa mchana kweupe, tena kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mzee," mpelelezi akamwita. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Umeandika cheupe."

"Nimeandika. Lakini bunduki ilikuja chafu. Ilikuwa na moshi wa baruti ndani. Nilipopitisha kitambaa kilitoka cheusi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaisafisha."

Mkuu wa kituo akafumba macho. Mpelelezi hakubadilika uso, alimaliza mstari wake, akaweka kalamu. "Nimeelezwa hapa mna utaratibu. Askari anapitisha kitambaa mwenyewe, mnakitazama pamoja, ndipo unaandika. Ni utaratibu wako wewe, tena mzuri. Sasa nisikilize vizuri kabla hujajibu. Hicho kitambaa cheusi, mlikitazama pamoja?"

Kila mtu mle ndani alielewa anapewa nini. Neno ndiyo lingetosha. Angesema walikitazama pamoja, kijana akalia, akamsihi aandike cheupe, naye akamwonea huruma mtoto aliyemlea. Hapo shemeji angebanwa, na Mtutu angebaki na kosa la huruma, kosa la karipio na barua. Alimtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa ametulia. Hakuwa na jasho, hakutikisa mguu. Alikaa kama mtu anayesubiri basi ambalo ratiba yake anaijua.

"Hapana," Mtutu akasema. "Alikuwa ameshaondoka. Nilikiona peke yangu."

"Kwa hiyo cheusi kilionekana yeye akiwa hayupo."

"Ndiyo."

"Na mbele yake hakuna kitambaa kilichopita."

"Hakikupita. Kwake huwa sipitishi."

"Kwa nini?"

Miaka tisa hakuna aliyemuuliza swali hilo kwa uwazi, na sasa lilipoulizwa, jibu lilisikika la kijinga hata kwenye masikio yake mwenyewe. "Ni shemeji yangu," akasema. Mpelelezi akaliandika hilo nalo.

Wakamsimamisha kazi hapo hapo. Kesho yake saa tatu afike kituo cha polisi mjini akahojiwe kama mtuhumiwa, aje na mtu wa kumdhamini. Mkuu aliomba funguo akiwa anaangalia pembeni. Mtutu akazifungua kiunoni, na kwa vile mkanda ulikuwa umezoea kubanwa nazo, suruali ikalegea, ikabidi aishike kwa mkono mmoja mbele ya watu wote watatu. Akatoka hivyo. Nje alisimama kidogo, akidhani shemeji atamfuata aseme chochote, hata uongo mwingine. Alimsikia ndani akimshukuru mkuu.

Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Njiani alipanga jinsi ya kumwambia mkewe. Atamwambia polepole, maana yule ni mdogo wake, damu yake, na habari kama hii ingeweza kumuangusha. Alimhurumia njia nzima. Aliwaza amwambie akiwa amekaa, awe na maji karibu.

Mkewe alikuwa sebuleni anakunja nguo. Alimtazama mumewe anaingia saa sita mchana, siku ya kazi, bila funguo kiunoni, suruali ameishika mkononi. Akarudisha macho kwenye shati alilokuwa anakunja.

Mtutu akasimama mlangoni. Alingoja aulizwe. Miaka thelathini, akirudi nusu saa mapema aliulizwa kama anaumwa.

"Hujaniuliza mbona niko nyumbani," akasema.

"Keti kwanza, baba watoto."

"Umeshajua."

Mkewe akaliweka lile shati juu ya mengine, akalinyoosha kola ambayo ilikuwa imenyooka. "Tulizungumza Jumapili."

"Tulizungumza nani?"

"Mimi na dada yangu mkubwa. Na shangazi yetu. Na yeye."

Jumapili walialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa shemeji. Walikula vizuri, wakacheka. Baada ya kula shemeji alimwomba atazame baiskeli ya mtoto, mnyororo unaruka. Mtutu alichuchumaa uani karibu saa nzima, mikono imejaa grisi, na alikuwa amefurahi, kwa sababu aliona bado wanamhitaji. Mlango wa ndani ulikuwa umerudishiwa. Shangazi alisema ni kwa ajili ya nzi.

"Ana watoto wanne, mkubwa hajafika hata darasa la tatu," mkewe akasema, maneno sasa yakimtoka haraka. "Yeye wangemfunga. Wewe una jina safi, umebakiza miaka miwili tu upumzike, watu wa umri wako hawafungwi kwa mambo kama hayo. Watakukemea, watakusimamisha, yataisha. Nimemlea mimi, baba watoto. Nimembeba mgongoni. Ungetaka nifanyeje?"

"Amempiga mtu risasi akamwacha porini."

"Alishtuka."

"Basi angesema alishtuka!"

Mtutu akaketi, siyo kwenye kiti chake, kwenye kile cha wageni kilichokuwa karibu na mlango. Alikuwa na swali moja lililomsumbua toka ofisini, na aliliuliza akiwa anajua kwamba jibu halitamsaidia kitu.

"Yule mama mpelelezi aliniuliza kama kitambaa tulikiona pamoja. Ningesema ndiyo, sasa hivi mdogo wako angekuwa ndani. Alikaa pale hana wasiwasi hata kidogo. Hakuogopa kwamba nitasema ndiyo?"

"Aliogopa," mkewe akasema. "Jumapili alikuwa anatetemeka. Alisema fundi akidanganya neno moja tu, mimi nimekwisha."

"Na nyinyi mkamwambia nini?"

Mkewe alianza kulia, lakini hakuacha kumtazama.

"Dada na shangazi hawakujua la kumwambia. Mimi ndiye niliyemtuliza. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi mume wangu namjua, hawezi kusema uongo."